Mkono Begani kwa Mama

Mtaani walimwita Mama Sura, kwa kuwa hakuna sura iliyomshinda. Ukimpelekea picha ya marehemu babu yako iliyoliwa na mende, atakurudishia babu mwenye macho yote mawili. Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele, kwenye kompyuta kuukuu iliyovuma kama gari linalopanda mlima.

Siku moja mshonaji wa mtaa wa pili alimletea picha ya familia. Mama yake ameketi kitini. Yeye mwenyewe, enzi za usichana, amesimama kulia. Kushoto ni kaka yake, anacheka, mkono kauweka begani kwa mama. Alitaka picha ikuzwe, aitundike dukani, ila kaka atolewe. Kaka huyo aliuza cherehani cha mama yao mara tu baada ya msiba, bila hata kumuuliza, na tangu hapo hawasalimiani.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mama Sura hakuwa na shamba, alichukua kipanya.

Kumtoa kaka mtu hakukumpa shida, ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe. Kilichomtoa jasho ni ule mkono. Kila alipofuta kidole, chini yake hapakuwa na kitu, ikabidi ambunie mama yule bega jipya, mkunjo kwa mkunjo, kwa kuazima kitambaa cha bega la pili. Alisahau chai. Alisahau pia kuhifadhi kazi. Akiwa anamalizia ukosi, programu ikajifunga yenyewe bila hata kuaga.

Alipoifungua tena, kaka mtu alikuwa amesimama palepale, anacheka kama mtu aliyetoka kidogo kununua sukari.

Mama Sura aliinamia meza kwa kitambo. Mumewe, aliyekuwa akipita na ndoo, alimkumbusha kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Akajibiwa apite na ndoo yake. Kisha Mama Sura akapiga moyo konde, akalikuza lile bega ili aanze upya. Hapo ndipo mshonaji alipobisha hodi, amefuata picha yake.

Angeweza kusingizia umeme. Alimweleza ukweli: kazi ilikuwa ukingoni, hakuihifadhi, imepotea, kosa ni lake, ampe hadi kesho. Mshonaji alikuwa anatazama bega la mama yake, limejaa kioo kizima.

"Huo mkono umembana mama," alisema.

"Umembana kweli, dada. Ndio ulionihangaisha."

Mshonaji akavuta kigoda, akakaa. "Alikuwa anamshikilia. Mama alikuwa ametoka hospitali wiki ile, hawezi kukaa wima. Kaka ndiye aliyembeba mpaka kwa mpiga picha. Mimi nilikuwa nashughulika na gauni langu lisijikunje."

Mama Sura aliacha kipanya.

"La cherehani sijamsamehe," mshonaji alisema. "Lakini ukimtoa huyu, mama ataanguka."

Wakakubaliana madoa na mikwaruzo ndiyo itoke, watu wabaki. Mchana ule walifanya kazi pamoja, mshonaji akieleza gauni lilikuwa na rangi gani hasa, Mama Sura akihifadhi kila hatua, hadi mgeni akauliza ni kitu gani hicho anachobonyeza kila dakika. Mwishowe mshonaji aliomba nakala mbili. Mama Sura hakuuliza ya pili ni ya nani.

Wiki iliyofuata aliingia mwanamume mwenye mvi, ameshika bahasha yenye ile picha, anataka fremu. Mama Sura alimtambua kwa mdomo wa yule anayecheka pichani, ingawa siku hiyo hakuwa anacheka. Akiwa anapimiwa fremu, aliuliza kama dada yake alisema chochote.

"Alisema ulikuwa unamshikilia mama."

Mwanamume aliagiza fremu ya mbao nyeusi, kisha akauliza duka la mshonaji hufungwa saa ngapi.