Pikipiki za Mama Marlène

Kituo chetu cha afya kiko karibu na Kasulo, na kwa miaka kumi hakukuwa na hata mtu mmoja aliyeumia shimoni. Watu wamechimba kobalti chini ya vitanda vyao, udongo unaanguka kila mvua, lakini ukifungua rejista ya miaka hiyo unakuta pikipiki tu. Pikipiki mwezi wa kwanza, pikipiki mwezi wa pili. Kuna bwana mmoja aliyevunjika mbavu nne kwa pikipiki, na taa ya kuchimbia bado imefungwa kichwani.

Aliyeanzisha mtindo huo ni Mama Marlène Mbelu, na aliuanzisha kwa huruma. Wachimbaji hawana kibali, na walikuwa na woga: ukiandikwa "shimo", polisi wa migodi watakufuata mpaka kitandani, na wenzako watafungiwa kazi. Kwa hiyo walikuwa wanabaki nyumbani na kufa huko. Mama Marlène alimkuta mmoja anasitasita mlangoni, mkono unaning'inia, akamwambia: "Tata, mi naandika pikipiki. Ingia tu." Neno likatembea mtaa mzima. Wakaingia.

Mwaka mmoja wakubwa wa zone ya afya walisoma ripoti zetu, wakashtuka, wakatuletea mabango hamsini ya kuhimiza watu wavae kofia za pikipiki. Sisi tulikuwa tumeomba oksijeni. Tulicheka mpaka machozi. Mama Marlène hakucheka. Alibandika bango moja ukutani, akarudi kwa wagonjwa.

Yeye ni mtu wa Lubudi, baba yake alikuwa wa reli. Alianza kazi na diploma ndogo, akipima joto na kumwaga ndoo, miaka tisa bila jina lake kuingia kwenye orodha ya serikali. Mume alikwenda Zambia kutafuta maisha. Inaonekana bado anayatafuta. Akalea watoto wawili peke yake. Alipofika miaka arobaini akarudi shule ya unesi, akakaa benchi moja na vijana waliomwita nkambo, yaani bibi. Akamaliza. Mimi, msaidizi tu hapa kituoni, niliyeanza shule hiyohiyo na miaka ishirini, bila mume wala mtoto, nilikwama mwaka wa pili, kwa hiyo sitaki kusikia mtu akisema ni rahisi.

Mwisho wakampa utitulaire, yaani ukubwa wa kituo chote. Wahenga walisema ukubwa ni jalala. Wa kwetu ulikuwa ofisi yenye dirisha moja linalotazama vyoo. Ripoti za mwezi, hesabu za chanjo, mikutano. Mikono iliyozalisha nusu ya mtaa ikawa mikono ya kugonga mhuri.

Lakini alifundisha. Mwanafunzi wake wa moyoni alikuwa Joyeuse, nesi kijana, mpole kuliko sisi sote. Alimfundisha kupata mshipa wa mtoto mnene, na kusema polepole na mwanamke anayelia. Na hili pia alimfundisha: "Ukiona udongo mu masikio, usimuulize. Kumuuliza ni kumutesa. Andika pikipiki, kisha umutunze."

Mwaka jana, Jumanne moja saa tano asubuhi, aliletwa Stany, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Alibebwa na mwenzake Sadrack juu ya pikipiki, na hiyo ndiyo pikipiki pekee ya kweli katika habari hii. Stany alikuwa anaongea, anaomba maji, anamtania Sadrack kwamba anaendesha kama bibi harusi. Joyeuse aliona udongo masikioni. Kalamu ilikuwa imeshaandika kabla mgonjwa hajalazwa vizuri.

"Karibu, tata. Pikipiki, si njo?"

Sadrack akatazama chini. "Njo, mama."

"Mama nesi," Stany akasema, "ile miguu yangu..."

"Tulia, tata. Hapa hatuulizake bintu mingi."

Miguu ilikuwa imevimba, lakini hakukuwa na kidonda kikubwa. Joyeuse akamsafisha, akampa dawa ya maumivu. Mama Marlène alipita na ripoti mkononi, akatupa jicho kwenye rejista, akamgusa Joyeuse begani. "Muzuri, mwanangu." Akaenda zake ofisini.

Saa nane Stany alikojoa mkojo mweusi kama chai ya kilioni. Joyeuse akapiga kelele. Mama Marlène alikuja mbio, akafunga serum, maji ya mshipani, mkono huu na huu, akasukuma kifua mpaka jasho likamdondoka. Moyo ulikuwa umesimama.

Hapo ndipo Sadrack alisema, analia: udongo ulikuwa umekalia ile miguu tangu alfajiri. Masaa matano kabla hajatolewa.

Hata mimi niliyekwama najua somo hilo. Mtu aliyebanwa hivyo, akitolewa tu, sumu ya nyama iliyopondwa inarudi moyoni. Unamfunga serum kabla ya yote, unamkimbiza hospitali kubwa angali anatania. Swali moja tu lilikuwa linatosha.

Docteur Omer wa zone alikuja Ijumaa. Si mtu mbaya, ana haraka tu.

"Mama, Joyeuse hakuuliza mugonjwa. Ni faute yake. Weka signature hapa, tunamutoa ku kazi, na weye unabaki ku kiti yako. Umebakisha myaka ine tu ufike ku pension."

"Niachie hii karatasi, docteur. Mpaka kesho."

Jioni Mama Marlène akaenda kilioni kwa Stany, akaketi chini pamoja na wanawake. Jémima, mjane wa Stany, alimsogelea.

"Mama titulaire, bwana yangu alikuwa muongo. Alinidanganya juu ya pombe, alinidanganya juu ya banamuke. Lakini ile siku alikuwa na woga ya kufa. Mungemuuliza, angesema. Sababu ya nini hamukumuuliza?"

Mama Marlène alibaki chini na wanawake mpaka usiku.

Kesho yake alirudisha karatasi bila kuisaini. Juu yake aliweka yake mwenyewe, kurasa tatu: miaka kumi ya pikipiki, bila jina la mchimbaji hata mmoja.

"Mama, unajimaliza," docteur akasema.

"Ule mutoto aliandika kile nilimufundisha. Ukimufukuza yeye, unakata mukono na unaacha kichwa."

Walikata kichwa. Sasa yuko kwenye kituo kidogo upande wa Kisenge, nesi wa kawaida chini ya titulaire Gracien, mwenye miaka thelathini na mmoja. Joyeuse alibaki. Anauliza kila mtu, anaandika ukweli: shimo, shimo, shimo. Polisi walikuja mara moja kutaka majina. Akawakatalia, lakini mtaa uliwaona wakiingia. Benchi zetu sasa ni za mama na watoto wa chanjo tu. Wiki iliyopita tulisikia kilio nyumba ya nne kutoka mlangoni petu. Mchimbaji. Hakuletwa.

Joyeuse alimpigia Mama Marlène, nami nimesimama kando nikisikia.

"Mama, banakufa ku manyumba tena. Nifanye nini? Niandike pikipiki?"



"Sijui, mwanangu," Mama Marlène akasema. "Kwanza enda ku kilio. Ukae chini na bale bamama."