Vikapu Sitini vya Samaki

Mimi ni mtu wa kukasirika haraka, bora ujue mapema. Nikisikia watu wa mji wetu wa Kamina, Kongo, wakisema mchezo wa darasani ndio uliomponza Mwalimu Nkulu, damu inanipanda. Mchezo haukuwa na kosa. Aliyemponza ni mimi, tena nikiwa na nia nzuri kabisa.

Jina lake lote lilikuwa Gaston Nkulu. Kwao walikuwa wakulima, Wakatoliki, kijiji cha karibu na mji. Alifanya kazi miaka tisa, karani wa stoo ya reli, kisha akaja kufundisha biashara kwenye shule yetu. Mwaka huo, 1999, mshahara wa serikali ulikuwa haujaonekana tangu sijui lini; alikula muhogo wa shamba lake na kile wazazi wetu walichochanga. Alikuwa na koti moja la kahawia, viwiko vimeshonwa na mkewe, Mama Mwadi. Lakini akianza kueleza namna gunia la chumvi linavyotoka mbali mpaka kufika kwenye sufuria yako, njaa unaisahau.

Mimi sikuwa mwanafunzi mwepesi. Baba yangu, Mzee Sefu, alikuwa anauza samaki wakavu sokoni. Sisi ni watu wa Maniema, babu zetu walifuata njia ya biashara wakabaki hapa. Kwa hiyo nilijiona nimezaliwa najua kila kitu, na mwalimu Mluba mwenye koti moja angeniambia nini.

Siku moja akatupanga kwenye benchi nne. Ya mbele ilikuwa soko la Kamina. Ya pili ilikuwa depo, yaani ghala, na hapo nilikaa mimi. Ya tatu ilikuwa wabebaji, wale wanaosukuma baiskeli zenye mizigo siku nyingi porini. Ya nyuma kabisa ilikuwa wavuvi wa Sanga, kwenye ziwa Kisale. Vifuniko vya chupa ndivyo vilivyokuwa vikapu vya samaki. Yeye mwenyewe alikuwa mteja: kila asubuhi alisema watu wanataka vikapu vingapi. Kusema na benchi nyingine kulikuwa marufuku. Uliandika tu kwenye kikaratasi vikapu unavyotaka kutoka benchi ya nyuma yako, ukakaa nacho mfukoni siku mbili, ndipo ukakitoa.

"Mwalimu, siku mbili za nini, na wabebaji wako hapa nyuma yangu?" nilimuuliza.

"Weye uko na haraka sana, Rehema. Beba tu. Njia ya kweli nayo iko na siku yake."

Wateja walianza na vikapu vinne. Siku moja wakataka sita, wakabaki na sita mpaka mwisho. Basi, hakuna kingine kilichobadilika. Lakini Nday wa benchi ya soko aliogopa, akaagiza kumi. Mimi kuona kumi, nikajiambia watu wamechanganyikiwa, njia itafungwa, nikaagiza ishirini. Havikufika haraka, nikaagiza tena, sitini. Kikaratasi hicho kilikuwa mfukoni mwangu mchana ule nilipofika kwenye kizuizi cha askari karibu na reli.

Vita ya serikali na waasi ilikuwa upande wa Kabongo, kaskazini kwetu. Mji ulijaa askari na wakimbizi, na kila mtu alishukiwa kuwa mpelelezi. Askari alinipekua, akasoma kwa sauti: "Tuma 60. Vya kwanza havijafika. Fanya mbio."

"Sitini nini?" akauliza. "Baaskari?"

"Samaki."

"Samaki gani banaagiza mu karatasi ya masomo, bila jina ya muntu? Nani alikupa hii kazi?"

Nikataja jina la mwalimu. Hawakunipiga, hata kunitisha sana hawakunitisha. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitaka kwenda nyumbani, nikataja. Kabla jua halijashuka walikuwa wamemchukua shambani kwake, na mikono yenye udongo vilevile. Siku zile mtu aliyeingia kambini kwa neno la upelelezi, mara nyingi familia yake haikuambiwa hata mahali alipozikwa.

Aliyenishangaza ni mkuu wa shule, Stanislas, mwoga wa kuruka akisikia mlango. Alivaa tai yake akaenda kambini mwenyewe. Akamwambia komanda, "Hizi karatasi ni za muchezo. Kuya uangalie na macho yako. Kama nasema uongo, unifunge na miye."

Siku ya tatu komanda akaja darasani na askari wanne, na mwalimu katikati yao, mguu mmoja bila kiatu. Walimfungua kamba ili aongoze mchezo. Zile siku mbili za kungoja tukazifanya zamu mbili. Kila askari alipewa benchi pamoja na wanafunzi. Komanda akakaa kwenye depo, karibu nami, bunduki yake juu ya meza yangu. Nilimwomba Mungu mchezo uharibike kama ulivyoharibika kwetu, kwa sababu ukienda vizuri angeona tunamdanganya.

Mwalimu akaita kwa sauti iliyokauka: vikapu vinne. Vinne. Sita. Sita. Mwanzoni komanda alicheka, akawatania askari wa benchi ya soko kwamba wanakula kama nguruwe. Akaagiza ishirini. Havikufika. Akaagiza arobaini, akapiga meza, akawatukana wabebaji. Mwishoni vifuniko vyote vikafika kwa wakati mmoja, vikajaa meza yetu vikaanguka chini, na wateja bado wanataka sita tu.

Nikajua tumeshinda. Komanda hakucheka tena. Aliokota kifuniko kimoja, akasema polepole, "Ndo vile. Ndo vile chakula ya baaskari yangu inafanya. Huku inaoza, kule banakufa njaa." Akanigeukia. "Huyu mwalimu yenu, anajua hii kazi kweli, ao ni maneno ya kitabu?"

Furaha ilinipanda kichwani. Nikasimama. "Komanda, Kamina nzima hakuna anayeijua kuliko yeye. Alikaa miaka tisa kwenye stoo ya reli. Mkimpa depo yenu wiki moja tu, mtaona."

Mwalimu Nkulu alinitazama, akakaa chini kwenye benchi ya wavuvi.

"Muzuri," komanda akasema. "Haiko mupelelezi. Kesho kutwa anapanda treni, anaenda kusimamia stoo ya mbele, kule kwa vita."

Hakuna aliyemuuliza mwalimu kama anataka. Siku ya tano tulimsindikiza mpaka kwenye garimoshi. Alinipa mkono kama alivyowapa wengine wote, akaniambia nisiache masomo. Askari waliorudi walisema chakula kilikuwa kinafika, na kinafika kwa saa yake. Walimsifu sana. Mwezi wa tano bomu likaanguka juu ya stoo, naye yumo ndani akigawa unga.

Juma lililofuata Mama Mwadi akaja shuleni na kitambaa cha msiba kichwani. Akasimama mlangoni mwa darasa letu. "Banasema kuko mutoto mumoja hapa alimusifu bwana yangu mbele ya komanda," akasema. "Ni nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasimama. "Ni mimi, Mama. Nilitaka wamwache."

Nilingojea kofi, na lingekuwa haki yake. Halikuja. "Mutoto yangu ya mwisho iko na mwaka moja," akasema. "Haimujue baba yake. Weye unajua kumusifu. Basi kila siku ya mungu, nikitoka misa, ukuye kwangu umusifu tena, mutoto asikie."

Mimi ni Mwislamu, nina watoto wanne na duka langu mwenyewe, na hasira zangu zote ninazo bado. Lakini kila siku ya mungu, yaani Jumapili, misa ikiisha, nakwenda. Mtoto yule sasa ananizidi kimo. Anatoa kiti, ananiwekea chai, anakaa mbele yangu kungojea nianze.