Nailoni ya Kasiva Ilitaka Kulala

Wewe ndio shida, na usiangalie nyuma yako, ni wewe. Unapeleka kazi kwa fundi asubuhi, saa sita ushaanza kupiga simu: "Imeisha?" Akikwambia kesho, unamwita mwongo. Sasa tulia uone vile haraka kama yako ilimfanyia Kasiva.

Kasiva ni fundi kwa karakana moja ya kukata vipuri, huko nyuma ya Makongeni. Miaka sita amekuwa akitoboa mashimo, kukata kazi ndogo ndogo na kuzoa mabaki. Marehemu babake alikuwa mchongaji, na kitu alimwachia ni hii: mti ukikatwa hushtuka. Unachonga twiga nusu, unamfukia kwa vumbi la mbao, unamwacha siku kadhaa apinde vile anataka kupinda. Ndio sasa urudi umalize. Ukikimbia, atapasuka shingo mbele ya mteja.

Kasiva akaja kugundua nailoni, ile plastiki ngumu ya vipuri, iko na tabia hiyo hiyo. Inatoka kiwandani ikiwa imebana hasira ndani. Ukikwangua upande mmoja pekee, ule mwingine unavuta. Ndio maana yeye hutoa juu kidogo, chini kidogo, na kisu kikali, bila kuikaba sana, halafu anailaza mpaka kesho.

Wathome, mwenye karakana, amezeekea kwa chuma. Kwake huo ulikuwa uvivu. Lakini alikuwa amemwahidi Kasiva: kazi ya mteja mmoja, Qamar, ikitoka poa, mashini kubwa ya kukata ni yako. Miaka sita Kasiva alikuwa akingoja hiyo sentensi.

Qamar hupakia maziwa kwa pakiti, pale mtaa wa Tena. Alitaka bamba la nailoni la mashini yake ya kufunga pakiti, refu kama mkono, jembamba kama kidole. Lazima lilale sawa, la sivyo pakiti hazifungi.

"Mama, wacha nikate nusu leo," Kasiva akamwambia. "Ilale, nimalize kesho."

"Ilale? Kwani ni mtoto?" Qamar akacheka. "Walahi, maziwa yangu hailali. Inaganda."

Wathome akadakia. "Kasiva, hii si twiga ya babako. Funga, kata, mama aende."

"Bosi, itapinda."

"Ikipinda, niite mchongaji."

Mafundi wengine wakacheka. Wathome akakaza vaisi mwenyewe, ile taya ya chuma ya kushika kazi, mpaka nailoni ikalia. Kasiva akakata. Upande mmoja tu, mbio mbio, mabaki yakitoka ya moto. Akaweka rula juu: sawa kabisa.

"Unaona?" Wathome akasema.

Chuma kikiwa sawa kwa vaisi, mara nyingi ni sawa. Nailoni hungoja uifungue. Kasiva alitaka kuipima tena, lakini Wathome alikuwa ameshaifunga kwa gazeti, Qamar yuko mlangoni, bamba bado lina joto.

Kesho yake Qamar akarudi. Akaliweka bamba mezani, akafinya ncha moja. Ile nyingine ikainuka.

"Maziwa yangu yote ya asubuhi iko kwa mtaro. Nani alikata hii?"

Wathome hata hakuinua kichwa.

"Ni huyo msichana. Bado anajifunza."

Miaka sita, bado anajifunza.

Kasiva alikata lingine, kwa njia yake, siku mbili. Hakuna mtu alimharakisha, mashini ya Qamar ilikuwa imelala tayari. Likatulia juu ya kioo, hata karatasi haingepita chini. Wathome akalipeleka mwenyewe, akapokea asante mwenyewe.

Mashini kubwa akapewa Mbaluka, mpwa wa Wathome, aliyeingia pale juzi tu. Siku hizi Mbaluka hulaza nailoni, na Wathome huwaambia wateja hiyo ni siri ya karakana yake. Kasiva? Anazoa mabaki ya Mbaluka.

Kwa hivyo ukipita hapo na kipande chako cha plastiki, ruka bosi. Muulize yule dada mwenye ufagio. Na akikwambia kesho, tafadhali, enda nyumbani urudi kesho.