Nungunungu wa Kibanja cha Klaudia

Klaudia wa Kishanda alikuwa mtu wa kuuliza. Padri akimaliza misa, yeye humsubiri mlangoni amwulize Nuhu aliwalisha nini chui wake ndani ya safina. Majirani walimcheka, lakini nao walisogea karibu wasikie jibu.

Mwaka ule wa 1947 hakuwa na la kuchekea. Mumewe alikuwa amefariki, na nungunungu walikuwa wakifukua viazi vyake na kutafuna mashina ya migomba. Shemeji yake, Ndyamukama, alikuwa akikimezea mate kibanja kile, shamba la migomba aliloachiwa na mumewe, siku nyingi. Akaenda kwa wazee wa ukoo: mwanamke aliyeshindwa na nungunungu atawezaje kutunza kibanja? Wazee wakasema watakuja Jumapili kuamua.

Klaudia akashika jembe, akaanza kuchimbua mashimo yote ya wale wezi. Katika shimo la mwisho, chini ya mwamba, jembe likagonga taya. Lilikuwa zito, limegeuka jiwe. Akaliweka kando ya taya la nungunungu aliyenaswa mwaka uliopita. Meno yalikuwa yale yale, ila haya yalikuwa makubwa mara mbili. Alifurahi hata viazi akavisahau.

Siku hizo mzungu mmoja mpima miamba alikuwa akipita kuelekea Kemondo. Klaudia akamfuata barabarani. Mzungu akaligeuzageuza taya, akasema huyo ni nungunungu wa kale, wa kabla watu hawajaanza kulima. Aina yake ilikwisha yote.

“Nani aliingia mashimoni akahakikisha?” Klaudia akauliza.

Mzungu akacheka, akaliomba taya. Klaudia akamnyima.

Jumapili wazee wakaketi, wakapewa kahawa ya kutafuna. Ndyamukama alipoliona taya, akaacha kutafuna.

“Mnyama gani huyu, shemeji?”

“Nungunungu. Nimemtoa kwenye shimo lile pale. Lakini usiwe na wasiwasi, mzungu amesema walikwisha zamani sana.”

“Aliingia akaona?”

“Nilimuuliza hivyo hivyo. Alicheka tu.”

Ndyamukama akalitazama shimo, akasogea nyuma kidogo.

“Kibanja hiki kimekuzoea wewe, shemeji,” akasema. “Si vizuri kukibadilishia mtu.”

Wazee wakakubali, na hakuna aliyetaka kulisogelea shimo.

Kesho yake Klaudia akafukia mashimo yote, isipokuwa lile la chini ya mwamba. Kila alipomaliza kupalilia, aliinama hapo, akatega sikio.