Koti la Kwenda Kitulo

Jafeti fundi cherehani alikuwa na ugomvi na pikipiki tangu ujana wake, ugomvi wa upande mmoja, maana pikipiki zenyewe hazikuwa na habari naye. Mjomba wake alimpakia mara moja tu, wakaishia mtaroni wote wawili, na tangu siku hiyo Jafeti akaapa kwamba miguu aliyopewa na Mungu inamtosha. Kisha, tazama maajabu ya dunia, akamwoa Rozina.

Pale sokoni Sumbawanga walimtania kila siku. "Fundi, mkeo kanipita Kasense sasa hivi, vumbi lake bado ninalo machoni!" Au, "Fundi, leo tena unarudi nyumbani kwa mguu? Mwambie mama akupe lifti!" Jafeti aliendelea kukanyaga cherehani bila kuinua uso. "Mwacheni akimbie," alijibu. "Nguo zangu mimi hazikimbii." Lakini kila aliposikia mlio wa ile pikipiki nyekundu ukiingia kona ya soko, mguu ulisimama wenyewe na moyo ukarudi mahali pake. Hilo hakumwambia mtu.

Rozina alikuwa muuza samaki. Zamani aliteremka bonde la Rukwa kwa malori ya watu, akanunua perege na kambale Muze au Ilemba, akapanda nao mjini. Siku moja dereva akamwambia subiri hapa, narudi sasa hivi. Hakurudi. Samaki wakamwozea Rozina mbele ya macho kwa lile joto la bondeni. Alilia, tena kwa sauti, wala hakuona haya. Kisha akapangusa uso kwa khanga, akamwendea mwenye bodaboda mmoja pale stendi ya Muze, akamwambia, "Nifundishe hicho chombo." Alianguka, akachubuka magoti, akaungua mguu kwenye bomba la moshi, akainuka, akaendelea. Siku hizi ule mlima wa Muze, wenye kona zinazowafanya abiria wa basi washike rozari, yeye anaupanda na matenga ya samaki nyuma, anaimba nyimbo za kwaya.

Ila kipupwe cha mwaka jana kilimpata. Mtu wa pwani akisikia habari za baridi ya Ufipa anadhani tunatia chumvi. Aje mwezi wa sita asimame barabarani alfajiri, upepo umpitie, ndipo tuongee! Rozina alipitiwa na upepo huo kifuani siku baada ya siku mpaka kichomi kikamlaza hospitali. Jafeti alikaa pembeni ya kitanda ameshika kikombe cha uji usionyweka, anasikiliza mkewe akihema kwa shida. Daktari hakuzunguka: kifua hiki kikipigwa hivi tena, pikipiki basi. Rozina aligeukia ukutani.

Sasa mtu wa namna hiyo, ikifika baridi nyingine, si angekaa jikoni akaota moto? Rozina akaja na habari ya Kitulo.

Habari hiyo aliileta Ambwene, mtumishi wa serikali pale mjini, mtu wa Mbeya, mgonjwa wa pikipiki. Alimkuta Rozina kwenye mlima wa Muze, akamfuata kona zote, akashindwa kumpita, na walipofika juu akasimama akavua helmeti. "Shikamoo, mama. Wewe lazima uje kambini kwetu." Akamweleza kwamba kila mwezi wa saba waendesha pikipiki wa nyanda za juu wanakutana kule Kitulo, wanapiga mahema kwenye nyasi, wanapika, wanasimuliana mambo ya barabarani. Akatoa simu, akamwonyesha picha. Mahema yalikuwa yamekaa katikati ya weupe mtupu.

"Theluji hii?" Rozina akauliza.

"Sakitu, mama. Asubuhi nyasi zote ni nyeupe, zinakatika chini ya kiatu. Ndiyo theluji yetu sisi."

Rozina aliiomba ile simu tena, akaitazama picha kwa muda mrefu.

Jioni, wakati wa kula, alimweleza mumewe. Jafeti akasukuma sahani pembeni.

"Mama Happy, una akili kweli? Daktari alisema nini?"

"Alisema kifua kisipigwe na baridi."

"Ndiyo unakipeleka kwenye barafu!"

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi," Rozina akasema. "Baba Happy, sikuombi ruhusa. Nakuomba koti."

Loh! Jafeti alikasirika mpaka akacheka. Alitaka kusema mengi, lakini alimtazama usoni akaona kitu ambacho hakukizoea. Miaka yote mkewe alisafiri kwa sababu kuna kitu cha kununua, akarudi kwa sababu kuna kitu cha kuuza. Hakuwahi hata siku moja kwenda mahali kwa kutaka tu kupaona. Basi wakapatana. Jafeti atashona koti, Rozina atalijaribu alfajiri mpaka Laela, kwenye barabara ya Tunduma, na kurudi. Akirudi salama, atakwenda Kitulo. Akirudi anakohoa, hatakwenda.

"Na nikikohoa, pikipiki tuiuze," Rozina akaongeza mwenyewe. "Sitaki kulazwa tena ukakaa pale na kikombe chako."

Kujiandaa kwake ndiko kulikomshangaza Jafeti. Alidhani atamwona mkewe akihangaika, na Rozina alifanya kila kitu taratibu. Alibadilisha mnyororo, akanunua tyubu ya akiba na plagi. Alikata galoni za mafuta ya kula, akazifunga kwenye usukani zimkinge vidole. Alipata hema la mtumba, akalikunja na kulikunjua uani mpaka kuku wakalizoea. Alisikia kwamba baridi ya Kitulo inatoka chini ardhini kuliko angani, akamwomba mumewe amshonee mfuko mrefu wa salfeti, akifika aujaze majani makavu uwe godoro. Akafungasha unga wa ulezi, maharage na samaki wakavu. Kila kitu alikipima kwa mkono, akakipangia mahali, akakifunga kwa mpira, akakitikisa. Kikicheza, alifungua akaanza upya. Jafeti, akiwa dirishani, alijikuta anajivuna kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Naye akashona. Hakuwahi kushona kitu kwa bidii namna ile. Ndani aliweka blanketi zito, nje turubai laini la kijani, katikati sponji. Kola ilisimama vizuri, mifuko ilikuwa na vifuniko, na kifuani palikuwa na safu ya vifungo vikubwa vyeusi, vimenyooka vyema. Watu waliacha shughuli zao wakaja kulishika. "Koti la waziri hili!" wakasema. Jafeti akajifanya hasikii, huku masikio yote yako hapo.

Siku ya majaribio Rozina aliondoka kungali na ukungu. Jafeti hakuweza kufanya kazi, alishona mfuko mmoja mara mbili. Jua lilipopanda, pikipiki ikaingia kona ya soko. Rozina aliteremka polepole, midomo imekuwa ya kijivu, akatabasamu. Kisha akageuka upande, akaziba mdomo kwa kiganja, akakohoa.

Na Jafeti, Mungu amsamehe, alifurahi. Kwa kitambo kidogo tu alifurahi. Hatakwenda!

Rozina hakubishana. "Tulipatana," alisema, akasukuma pikipiki hadi nyumbani bila kuiwasha. Jafeti aliporudi jioni alimkuta uani anafungua mipira, anatoa kitu kimoja kimoja. Unga aliurudisha kwenye ndoo. Hema alilikunja vizuri kabisa, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Hakununa, alimpakulia mumewe chakula kama siku zote. Jafeti alikula, na ile furaha yake haikuwa na ladha tena.

Kesho yake akaja Bundala, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, mtu wa pikipiki naye, ameleta suruali iliyopasuka. Jaketi lake, kama kawaida, alikuwa amelivaa kinyume, zipu mgongoni. Nusu ya waendesha pikipiki wa Ufipa wanavaa hivyo wakati wa baridi, na kwa miaka mingi Jafeti alikuwa akiwacheka toka pale dirishani. Aliwaona kama watu wanaovaa gizani wakiwa na pombe kichwani.

Bundala akaliona koti kwenye msumari. Akalishika, akapitisha kidole kwenye safu ya vifungo, akaangua kicheko.

"Fundi wangu, koti zuri sana hili. La kuendea kanisani! Umemshonea nani?"

"Mke wangu, la kuendeshea pikipiki."

"Haa! Upepo unakuja kutoka wapi, fundi? Unakuja mbele. Na mlango umeuweka wapi?"

Jafeti akatazama. Kati ya kila kifungo na kifungo palikuwa na mwanya mdogo, mdogo sana, ambao mtu wa kutembea kwa miguu hawezi kuujua maisha yake yote. Akainama akaweka shavu lake pale, akamwambia Bundala apulize. Pumzi ikamgonga.

Bundala alipoondoka, Jafeti alibaki na lile koti magotini. Akili yake ilifanya kazi haraka kuliko alivyopenda. Hakuna mwingine anayejua. Bundala anarudi bondeni kwa ng'ombe wake. Akinyamaza, mkewe atabaki nyumbani, pikipiki itauzwa, na yeye hatasubiri tena mlio kwenye kona ya soko. Kila alichokiomba kwa Mungu kilikuwa mkononi mwake, na kwa bei ya kufunga mdomo tu.

Alifunga duka kabla ya wakati, akaenda nyumbani karibu anakimbia. Rozina alikuwa anaosha pikipiki, anaifuta kwenye kila pembe, kwa ajili ya mnunuzi.

"Acha hiyo," Jafeti akasema. "Si kifua chako. Ni koti langu."

"Koti lako limefanyaje?"

"Limekosewa. Nimelishona mimi, mtu wa miguu. Nimekufungulia mlango mbele." "Na jana ulipokohoa nilifurahi, Mama Happy. Bora nikuambie na hilo."

Rozina alimtazama, kitambaa kinachuruzika maji. "Najua," akasema. "Nilikuona." Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Laela. "Sasa unasimama nini? Nenda kafumue."

Kuligeuza lile koti tu haikuwezekana, kola ilimkaba koo. Jafeti alifumua mishono yote. Kifua akakifanya kipande kimoja, kizima, bila tundu hata moja. Vifungo vyote akavihamishia mgongoni. Asubuhi ya majaribio ya pili alimfunga mwenyewe, toka shingoni hadi kiunoni, na Rozina akaenda Laela akarudi na mashavu ya moto, anaomba chai. Walikaa wakakisikiliza kifua chake siku hiyo na siku iliyofuata. Hakukohoa.

"Na lile blanketi lililobaki liko wapi?" Rozina aliuliza siku moja. "Lilikuwa pande zima." Jafeti akasema atakuwa ameliuza.

Siku ya safari Ambwene na wenzake walikuja hadi mlangoni alfajiri, injini zinanguruma, majirani wamejifunga mablanketi wanachungulia. Mzigo ulikuwa umefungwa kandokando, chini, haukucheza. Rozina akasimama ameupa mgongo mlango, na Jafeti akaanza kumfunga vifungo.

"Baba Happy," Rozina akasema bila kugeuka. "Nimekuwa nikiwaza. Wewe unanifunga hapa. Tunduma tutapumzika, nitalivua. Asubuhi kule Kitulo, kwenye ile sakitu, nitalivaa. Nani atanifunga?"

"Watu watakuwepo," Ambwene akadakia. "Hata mimi mwenyewe, mama, hakuna shida."

Jafeti akamkata jicho. Akafunga kifungo cha mwisho, akaingia ndani, akakaa kidogo, watu wakaanza kutazamana. Alipotoka alikuwa amevaa koti. Blanketi lile lile, turubai lile lile la kijani, ila vifungo vya hili vilikuwa mbele. Mtu wa nyuma anakingwa na wa mbele. Hilo Bundala hakumwambia, alilifikiria mwenyewe kwenye cherehani usiku kucha, akijicheka. Chini ya kwapa alikuwa na helmeti ya kuazima.

Majirani walipiga vigelegele. Mmoja akapaza sauti, "Fundi, leo umepata lifti!"

"Uzito utakuzidi," Jafeti akamwambia mkewe. Ulikuwa upenyo wake wa mwisho wa kutokea.

"Nimepandisha Muze matenga ya kambale," Rozina akasema, "nishindwe na mume mmoja mkavu? Panda."

Alipanda vibaya, mguu ukanasa kwenye hema, Ambwene akamsaidia. Hakujua mikono aiweke wapi. Akaipapasa hewani mpaka ikagusa, mgongoni mwa mkewe, ile safu ya vifungo alivyovishona kwa uzi mara tatu tatu, akavishika kwa nguvu zake zote. Rozina akawasha pikipiki.

"Vitakatika hivyo," akamwambia.

"Havikatiki," Jafeti akajibu, macho ameyafumba. "Mimi ndiye niliyeshona. Twende."