Shibiri Moja ya Pazia Imenifanya Niogope Salamu

Kosa ni langu. Nasema mapema, usije ukanihurumia katikati ya njia kisha ukajuta. Hakuna aliyenishika mkono wala kunilazimisha. Nilimfukuzisha kazi mzee wa watu, na mpaka leo mtu akipiga hodi mlangoni kwetu nakimbilia kuzima redio.

Naandika bila jina kwa sababu naogopa. Tena jina lenyewe ndilo lililoniponza, utaona.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani Majengo na mama yangu, ambaye ni mpishi wa shule. Nilizunguka maofisini mpaka soli zikaisha. Bandarini hakuna kazi, reli hakuna kazi, mahotelini ndiyo usiseme! Siku moja rafiki yangu akaniambia kuna bwana kutoka Nairobi anayetafuta wasichana waliosoma, wa kwenda madukani wakijifanya wateja. Unanunua kitu, unaangalia unavyohudumiwa, kisha unakwenda kujaza fomu. Mteja wa siri, ndivyo alivyotuita.

Kazi ya kununua! Nani angekataa?

Alitufundisha asubuhi moja tu, katika chumba cha juu cha hoteli moja pale Mwembe Tayari, mabasi ya bara yakipiga honi chini hata nusu ya maneno hatuyasikii. Ingia kama mtu mwingine yeyote. Usiandike chochote ndani ya duka, kariri, kisha tafuta mahali pa faragha. Tazama saa ukiingia na ukitoka. Usiende duka unakojulikana. Kabla hajatuachilia akasema neno ambalo laiti ningeliacha palepale: "Ripoti isiyo na kosa ni ya mtu aliyelala. Na aliyelala simwiti tena."

La kufanya tukisalimiwa hakutuambia. Labda huko kwao mteja huingia, akaonyesha kidole, akalipa, akatoka. Hapa Mombasa utaingiaje dukani bila salamu? Na ukishasalimiwa, utanyamaza?

Duka langu la kwanza lilikuwa la vitambaa. Jina lake naliacha. Nilikuwa sijawahi kulikanyaga, kwa hiyo nikajiona salama. Nyuma ya meza alisimama mzee mwembamba, tepu ya kupimia shingoni. Nitamwita Mzee Nyale, ingawa silo jina lake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoka salama? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na uso huu si mgeni kwangu. Kwenu wapi?"

Nikalikumbuka onyo la duka unakojulikana, lakini mzee keshauliza. Nikamwambia kwetu Rabai. Kumbe na yeye ni wa Rabai! Akauliza mimi ni wa kwa nani, nikasema. Akauliza twakaa wapi, nikamtajia mtaa mpaka nyumba. Akauliza nimesoma mpaka wapi, nikajibu kwa majivuno. Mwisho akauliza jina. Sasa mzee ameniuliza jina, nimnyime? Nikalitaja, nalo ni la nyanya yangu, jina la kikwetu.

Mzee akaweka mkasi chini.

"Lo! Hilo ni jina la mama yangu mzazi! Basi wewe ni mama yangu."

Kwetu hilo si mzaha. Ukibeba jina la mama wa mtu, hata uwe mtoto wa kunyonya, atakuita mama na atakuheshimu kama mama. Alimwita mwenzake aje anione. "Njoo umwone mama, amekuja kutaka pazia!" Wakacheka, nikacheka nao, na fomu iko mkobani.

Akapima yadi tatu. Kabla hajakata akatandaza kiganja juu ya kitambaa, akasogeza mkasi mbele shibiri nzima.

"Siwezi kumpimia mama kama nimpimiavyo mtu baki," akasema. "Hii ni ya baraka."

Ninyi wenyeji mwajua. Muuzaji wa hapa asiyekupa nyongeza kidogo humrudii. Mzee wa watu alikuwa akilitafutia duka lake wateja!

Nilikwenda kujifungia choo cha mkahawa mmoja nikajaza fomu. Ilikuwa ya Kiingereza. Amesalimu? Ndiyo. Ana adabu? Ndiyo. Meza safi? Ndiyo. Nikafika penye swali la kipimo, je, mhudumu amepima sawasawa?

Ningependa kukuambia kwamba niliiandika ile shibiri kwa kumsifu. Ndivyo nilivyomwambia kasisi wetu, na ndivyo nilivyojiambia mwenyewe muda mrefu. Uongo mtupu! Fomu yangu haikuwa na kosa hata moja, na nikaogopa kuonekana nimelala. Nikatia alama penye hapana. Chini yake nikaeleza kwamba mhudumu hugawa mali ya duka kwa jamaa zake. Jamaa zake! Mimi niliyemjua kwa dakika ishirini.

Yule bwana alifurahi mno. Akaniambia mimi ndiye niliyeielewa kazi. Pazia mama alilitundika dirishani, nikamsimulia vile Mzee Nyale alivyoniita mama; fomu sikuitaja.

Wiki tatu hazijatimia, Jumamosi alasiri, mama ameenda sokoni, nikasikia, "Hodi wenyewe!"

Sauti niliitambua kabla sijafungua. Nilitaka kunyamaza ionekane hakuna mtu, lakini redio ilikuwa inasema.

"Karibu," nikajibu.

Mzee Nyale akavua viatu mlangoni, akaingia, akaketi chini ya dirisha, chini ya pazia lilelile! Nilimpa shikamoo. Nilijua amekuja kunitapikia yote mbele ya majirani.

"Marahaba, mama," akasema kwa upole. "Nimekujia na shida. Nimefukuzwa kazi."

Hakujua! Pumzi zikanirudi nusu.

"Miaka yote ile nawapimia watu, leo naambiwa mwizi. Wamenipa barua na hii kopi, ati ndio ushahidi. Kizungu changu ni cha kuuzia tu. Nikasema, kwani sina mama aliyesoma? Nisomee, kisha uniandikie barua ya kuomba wanirudishe."

Nikaikunjua ile kopi. Mwandiko wangu! Herufi zangu zile zile, na mikia yake mirefu niliyokuwa nikisifiwa shuleni.

Nikamsomea kwa Kiswahili, pole pole, nikayaruka maneno "jamaa zake". Ndiyo, niliyaruka. Hata hapo niliendelea kusema uongo.

"Wameandika ni nani niliyempa?"

"Hawakumtaja."

"Nyongeza nawapa wengi," akasema. "Huyo aliyeandika, Mungu amsamehe. Huenda ana shida zake."

Akaichukua kopi yake, akanipa karatasi na kalamu alizokuja nazo. Sasa nifanye nini? Nikikataa, atauliza kwa nini. Nikiandika, ameiweka ile kopi juu ya goti lake, shibiri moja kutoka mkononi mwangu.

Nikaanza kuandika herufi kubwa kubwa, zimelala kushoto, kama mtoto wa darasa la kwanza. Jasho likanidondoka mpaka likalowesha neno. Mzee akainama kutazama. Akatazama kopi, akatazama barua.

"Mwandiko huo haukutoki vizuri," akasema taratibu. "Andika vile uandikavyo siku zote."

Mungu wangu! Ningemwangukia miguuni pale pale. Ningesema nisamehe, baba, ni mimi. Badala yake nikainamia karatasi. Nikaandika barua iliyobaki kwa mwandiko wangu, na mkia wa kila herufi nikauona ukinishitaki. Kidole chake kilikuwa kikifuata mistari ya kopi, mstari kwa mstari.

Nilipomaliza akaikunja barua pamoja na ile kopi, akazitia mfuko wa shati. Akainua macho dirishani.

"Pazia limefika chini vizuri," akasema.

Akavaa viatu. Mlangoni akageuka.

"Ahsante, madam."

Madam! Alipoingia nilikuwa mama.

Kazi hakurudishwa, na kama ile barua aliipeleka sijui. Siku hizi anauza kufuli na kamba kule Makupa, kwa madereva wa malori. Tukikutana hanipiti. Anasimama, ananisalimu salamu kamili, nyumbani hawajambo, mama hajambo, na wote anawaulizia kwa majina. Sikuzote ananiita madam. Hajamwambia mtu, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko matusi. Kila siku nangoja aseme.

Kazi ile niliacha, lakini uoga haukuacha kazi yake. Juzi kulikuwa na msiba Rabai, nikajitia homa nisiende. Mama akarudi na swali: "Yule Nyale mbona hakuiti mama tena? Mmekoseana nini?" Nikasema sijui. Akanitazama sana. Siku atakapojua, nitaweka wapi uso huu?

Pazia nimejaribu kulitoa mara mbili. Mama hulirudisha. Asema ni zuri.

Basi wewe uliyeitwa kwenye kazi hii, nisikilize. Watakufundisha kutazama saa, kukariri, kuandika chooni, na hayo yote ni kweli. Usiende dukani kwa watu wenu, na ukijikuta umeingia, ukaulizwa wewe ni wa kwa nani, nunua, shukuru, nenda zako, kamrudishie tajiri fomu yake tupu. Heri uitwe uliyelala! Na fomu yoyote utakayojaza, kabla hujatia alama, mweke yule mtu mbele yako, ameketi, amevua viatu, anakuomba umsomee ulichoandika. Kama huwezi kumsomea neno lolote, usiliandike. Mimi yapo maneno mawili niliyoshindwa kusoma, "jamaa zake", na yeye alikuwa ananingoja niyasome.