Chupa za Kanini na Msitu wa Mtoni

Watu wa lain, zile nyumba za vibarua, walisema Kanini ana kichwa kigumu, na hawakukosea. Mwaka wa hamsini na sita, katika shamba moja la kahawa karibu na Ruiru, kazi yake ilikuwa kuchuma majani yaliyoliwa na viwavi, kuyajaza kwenye debe na kuyachoma moto. Choma yote, ndiyo amri. Yeye mengine aliyatia kwenye chupa, akafunga mdomo kwa kitambaa na kuzificha uvunguni.

Kwa nini? Kwa sababu siku moja jani alilongoja litoe nondo lilitoa nyigu, mdogo kuliko punje ya wimbi. Jamani! Nyigu alikuwa amemla kiwavi kutoka ndani. Tangu hapo Kanini hakutulia. Majani ya kahawa iliyopigwa dawa yalimpa nondo watupu, na mara mojamoja nyigu mweusi, aina ileile. Majani ya kahawa iliyo kando ya msitu wa mtoni yalimpa nyigu wa aina tisa: wekundu, wa manjano, wengine wenye mkia mrefu kama sindano ya gunia.

Sasa nyapara Wambua, aliyejivunia pampu yake ya dawa, dawa iliposhindwa na viwavi akausingizia msitu. "Wadudu wanazaliwa huko. Jumatatu tunaukata."

Kanini akawaka. Akinyamaza, miti inaanguka. Akisema, anakiri kuvunja amri, na mvunja amri hufukuzwa kazini na nyumbani pia.

"Mama Ndila, nyamaza," jirani yake Ndunge alimsihi. "Miti si ya mama yako."

"Na nyigu wanaolinda kahawa watalala wapi? Kwako?"

Jumamosi akazipanga chupa juu ya meza ya meneja wa shamba. "Hizi za kahawa ya dawa, hizi za kando ya msitu. Hesabu mwenyewe, bwana."

Wambua akacheka. "Mwokota majani anamfundisha bwana!"

"Ndiyo, namfundisha. Wewe na pampu yako umemfundisha nini?"

Meneja alizitazama chupa moja baada ya nyingine. Mwishowe akasema msitu usiguswe. "Lakini wewe uliambiwa uchome."

"Niliambiwa."

"Basi kazi yako imekwisha."

Kanini hakulia, wala hakuomba. "Kazi nitapata Thika. Wewe huu msitu ungeukata, ungeupata wapi tena?"

Jumatatu alipita njia ya mtoni, mzigo kichwani, mwanawe Ndila mgongoni. Wambua na watu wake walikuwa wamesimama hapo na mashoka, hawana la kukata.